Kuacha ARV afu virusi visirudi: ni jeni au ni stori za kijiweni?

Mangi wa Pasua:
Wakuu habari za jioni. Kuna voisi inazunguka sana kwenye magrupu ya Moshi na Arusha wiki hizi, jamaa anasema kaacha dozi tangu mwaka jana na akipima virusi havionekani, anadai ni damu ya ukoo wao, na chini yake watu wanakomenti "kweli kabisa, sisi damu yetu kali". Kuna mtu kaniuliza inboksi kama na yeye ajaribu. Mimi kazi yangu ni ya maabara na haya mambo ya kinga nayapenda, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja nishushe uzi, mniulize hapahapa.

Naanza na hili lisije likapotea katikati: jamaa wa voisi anaweza akawa anasema kweli. Watu wa hivyo wapo, wachache sana, walitumia dawa wakaacha na virusi vikakaa chini kwa miaka. Na vinasaba vina mkono wake humo. Shida inaanza mtu akisikia "vinasaba" akadhani ni kitu anaweza kukijua kwa kuangalia babu yake alikufa na miaka mingapi.

Kwanza kwa nini virusi hurudi. ARV inazuia kirusi kuzaliana, ila haiwezi kukitoa kile ambacho tayari kimeshajichomeka ndani ya DNA ya seli. Kuna seli za kinga zinaitwa CD4, zile za kumbukumbu zinaishi miaka na miaka, kirusi kimelala humo hakitengenezi kitu chochote kwa hiyo dawa haina cha kuzuia na kinga haina cha kuona. Mwaka 2003 timu ya Robert Siliciano kule Johns Hopkins walipiga hesabu wakaona hiyo akiba inapungua nusu kila miezi 44, maana yake kuimaliza kwa vidonge peke yake ni zaidi ya miaka 70 bila kuruka siku. Ukiacha dozi, kuna seli zinaamka, na kwa watu wengi ndani ya wiki mbili hadi nne mashine inaanza kusoma namba. Swali la uzi huu ni kwamba zile seli zikiamka zinamkuta nani.

chalii_wa_Sakina:
Natega siti hapa. Ila mangi usituletee lugha ya madokta, ongea kama unamwelezea konda wa Kisongo akuelewe.

MamaNeema_Usa:
Asante kwa uzi kaka. Mi niko kwenye dawa tangu enzi za zile za kuotesha ndoto za ajabu mpaka hii TLD ya sasa, kidonge kimoja chenye dawa tatu. Nina jirani yangu aligundulika muda mrefu akakataa kabisa dawa, na mpaka leo anabeba ndoo mbili za maji na ananicheka mimi ninayemeza. Huyo naye ni jeni?

Mangi wa Pasua:
Dada Mama Neema, huyo jirani kama kweli anapimwa na virusi havionekani bila kuwahi kutumia dawa basi yuko kundi lingine, hawafiki hata mtu mmoja kati ya mia. Lakini kubeba ndoo sio kipimo. Kirusi kinaweza kutafuna CD4 miaka minane huku mtu anacheza ngoma harusini, CD4 ikishuka vya kutosha ndio unasikia kaangushwa na TB. Kama hajapima, hatujui chochote kuhusu yeye, sio jeni wala nini.

Chalii haya sasa, lugha ya Kisongo. Karibu kila seli ya mwili ina protini kwa nje zinaitwa HLA, kazi yake ni kuchukua vipande vya vitu vilivyomo ndani ya seli na kuvianika nje. Seli T, yaani askari wa kinga, zinapita zinakagua, wakikuta kipande ni cha kirusi ile seli inauawa. HLA ndio hizohizo wanazolinganisha kabla ya kumpandikizia mtu figo, zinatofautiana balaa mtu na mtu, na hiyo tofauti inaamua ni vipande gani vya kirusi vinaanikwa vizuri. Walio na HLA-B57 au B27 wanaanika vipande ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha bila kujiumiza chenyewe, ndio maana hizo zinajaa kwa wale wa kundi la jirani yako (kama kweli ni wa kundi hilo).

Kirusi nacho kina akili yake. Kina protini inaitwa Nef, inazishusha HLA-A na HLA-B kutoka nje ya seli ili seli T zikipita zisione kitu. Hapo anaingia askari mwingine, seli NK. Huyu ana vipokezi vinaitwa KIR, kazi yake kupapasa kama HLA ipo. Mchukulie mgambo wa ushuru pale soko la Kilombero: una risiti anakupita, huna risiti mtaelewana. Seli ambayo Nef imeinyang'anya HLA ndio imekamatwa haina risiti. Sasa jeni za KIR ndio zinaamua mgambo wako ni wa namna gani, kuna mkali, kuna wa kusinzia, kuna anayejua aina moja tu ya risiti nyingine zote kwake ni karatasi. Na mgambo aliyeanza kazi kwenye soko ambalo risiti anayoijua yeye haipo kabisa, huyo hata ukali anakuwa hana, maana NK inafunzwa na HLA za mwili wako mwenyewe tangu mwanzo, KIR isipokutana na HLA inayoendana nayo inabaki butu.

Kwa hiyo sio jeni moja. Ni jozi. Na hapa ndio stori ya "damu ya ukoo" inapoanza kuchechemea, HLA ziko kromosomu ya 6, KIR ziko kromosomu ya 19, zinarithiwa kila moja kivyake. Mzee wako anaweza akawa na jozi safi kabisa akakupa wewe mgambo bila risiti, na mdogo wako akapata risiti bila mgambo. Watoto wa tumbo moja, baba mmoja mama mmoja, wanaweza kuwa tofauti kabisa kwenye hili.

chalii_wa_Sakina:
Hapo nimekuelewa aisee. Kumbe mgambo ana umuhimu wake 😂

Ndugu Msomi:
Mkuu uzi ni mzuri lakini niulize. Hizo habari za B57 na KIR nyingi ninazozijua mimi ni za watu wasiotumia dawa, yaani nani anaugua haraka na nani taratibu. 2002 timu ya Mary Carrington walionyesha KIR3DS1 ikikutana na HLA-B ya aina ya Bw4 mtu anachelewa kufika UKIMWI, lakini hapo bado hatujaongelea kuacha dozi. Wewe unachukua matokeo ya hapa unayapeleka kule. Una ushahidi kwamba waliobaki salama baada ya kuacha ni haohao wenye jeni nzuri?

Mangi wa Pasua:
Mkuu Msomi hili swali nilikuwa nalisubiria kwa hamu, maana jibu ni HAPANA, na hapa ndipo patamu.

Mwaka 2013 Wafaransa, Asier Sáez-Cirión na wenzake, walitoa utafiti unaitwa VISCONTI. Watu 14. Wote walianza dawa mapema mno, ndani ya wiki kama kumi tangu waambukizwe, wakatumia miaka mitatu hivi, wakaacha, na wakati wanaripotiwa wengi walikuwa wamekaa zaidi ya miaka saba bila dawa na virusi viko chini. Kila mtu akategemea wakipimwa HLA watakutwa wamejaa B57 na B27. Wakapima. Hazikuwepo kwa wingi huo, badala yake ikajitokeza HLA-B35, ambayo kwa mtu asiyetumia dawa inajulikana kwa kumharakisha kuugua! Na hawa watu mwanzoni kabisa mwa maambukizi walikuwa wameumwa sana na virusi viko juu, sio watu wenye kinga ya chuma.

Kwa hiyo kinachomlinda mtu ambaye hajawahi kutumia dawa na kinachomlinda aliyetumia mapema akaacha vinaonekana kuwa njia mbili tofauti. Wafaransa haohao baadaye wakarudi kuchimba zaidi, na kilichojitokeza ni mchanganyiko fulani wa HLA unaohusiana na jinsi seli NK zinavyofunzwa, yaani macho yakahama kutoka seli T kwenda kwa mgambo. Mi maoni yangu hiyo ndio habari kubwa kuliko zote kwenye hii mada na ndio haizungumzwi vijiweni, watu wamekariri B57 tu. Na angalia tena, bila ile dawa ya mapema huo mchanganyiko wa jeni haukuwa unawasaidia kitu, ulikuwa unakaa kimya tu.

Kuna hii nyingine inaitwa CHAMP, ya Marekani, 2018. Walikusanya tafiti 14 za watu walioachishwa dawa chini ya uangalizi, wakapata 67 waliobaki na virusi chini. Walioanza dawa mapema, 13% waliweza. Walioanza wakiwa wameshakaa na maambukizi, 4%. Na hao 67 wenyewe nusu hivi ndio waliofika miaka miwili, miaka mitano alifika mmoja kati ya watano kwa makadirio. Sasa jiulize hapa kwetu ni nani anagundulika ndani ya wiki kumi za kwanza. Wengi tunajulikana kliniki ya wajawazito au tukishakohoa mwezi mzima.

Mzee wa Ngaramtoni:
Vijana mimi hamnipi shida, nilikuwepo 2011. Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kikombe cha dawa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita, watu wametoka mpaka Kenya. Waliorudi wakaacha dawa walikuwa wanatuambia wamepona, wana nguvu, wamenenepa. Mwezi wa kwanza wako hivyo kweli. Mnaelewa nasema nini.

Mangi wa Pasua:
Shikamoo mzee. Ndio hasa, na kibaolojia ule mwezi wa kwanza una maelezo: virusi vikirudi CD4 haianguki siku hiyohiyo, kwa hiyo mtu anajisikia mzima, na kama dawa ilikuwa inamsumbua tumbo au usingizi ndio kabisa anajisikia nafuu. Hata jamaa wa voisi, nisingemuuliza anajisikiaje, ningemuuliza amepima wingi wa virusi mara ngapi na kwa mpangilio gani. Kuna mtoto wa Mississippi, alizaliwa 2010, akaanzishwa dawa ndani ya saa 30, mama yake akaja kukatisha dawa mtoto akiwa na mwaka na nusu hivi, akakaa miezi 27 bila dawa na virusi havionekani, dunia nzima ikaandika amepona. Julai 2014 vikarudi. Miezi 27 wakuu!

Dada_Lemara:
Mimi nauliza kuhusu ile ya kubadilishwa uboho, yule Mmarekani wa Berlin. Si alikuwa na jeni ya wazungu? Sasa kwa nini isichukuliwe hiyo jeni tukawekewa wote yakaisha?

Mangi wa Pasua:
Dada Lemara huyo ni Timothy Ray Brown, alikuwa na kansa ya damu, 2007 akapandikizwa uboho wa mtu mwenye CCR5 iliyokatika herufi 32. CCR5 ni kipokezi pia, ndio mlango ambao kirusi kinautumia pamoja na CD4 kuingia. Bila mlango hakuna kuingia. Alikaa bila virusi mpaka akafariki 2020, na kilichomuua ni ile kansa iliyorudi. Hiyo jeni kwa Ulaya ya kaskazini mtu mmoja kati ya mia hivi anayo kutoka kwa wazazi wote wawili, kwetu Afrika karibu haipo kabisa.

Lakini kupandikiza uboho ni tiba inayoweza kuua mtu, unafuta kinga yote unaanza upya, wanafanyiwa wenye kansa tu. Na utamu mwingine: 2023 akaripotiwa mgonjwa wa Geneva, huyo aliyemtolea uboho alikuwa na CCR5 ya kawaida kabisa, na virusi havijarudi. Kwa hiyo hata hapo sio mlango peke yake, kinga mpya ya mtu mwingine inaonekana ilizimaliza seli za zamani pamoja na akiba iliyokuwa imelala humo.

chalii_wa_Sakina:
Sa mbona kila jeni nzuri ni ya mzungu, sisi tumekosea wapi arifu

Mangi wa Pasua:
😂 Hatujakosea, ni kwamba waliopimwa zaidi ni wao. Ile KIR3DS1 aliyoitaja Msomi kwa Waafrika ni adimu, kwa hiyo ukiibeba kama ilivyo ukaileta Arusha haikusaidii kutabiri kitu. Ila tuna zetu, B57 ya kwetu kubwa ni B57:03, ya wazungu ni B57:01 (hiyo ya kwao ndiyo inayowafanya wadhurike na abakaviri, kila zuri lina bei yake), halafu tuna B58:01 na B81:01 ambazo tafiti za kusini mwa Afrika zimeonyesha zinasaidia kukibana kirusi. Utofauti wa jeni Afrika ni mkubwa kuliko bara lolote na virusi vyenyewe Tanzania vimechanganyika, aina A, C, D na chotara zao, Ulaya na Marekani wamezoea aina B. Kuchukua jedwali la Paris ukasomea majibu ya mtu wa Kibosho ni kujidanganya.

Halafu kuna hii ya Veron Ramsuran wa Durban, 2018, watu 9,763. Waliona mtu mwenye HLA-A nyingi kupita kiasi juu ya seli anashindwa kukibana kirusi, kwa sababu vipande vya hiyo HLA-A vinailisha nyingine inaitwa HLA-E, na HLA-E inashikana na kipokezi cha NK kinachoitwa NKG2A ambacho kazi yake ni kumtuliza. Mgambo analazwa usingizi. Sasa hicho kitu kinaweza kuzibwa kwa dawa, ndio maana mimi tafiti za namna hii nazithamini kuliko za kutafuta nani ana bahati.

Ndugu Msomi:
Nimekubali mkuu, nilikuja na ngumi narudi na daftari. Ongezea na zile za kingamwili, maana mwaka 2025 zilitikisa.

Mangi wa Pasua:
Kwa kifupi maana simu inakaribia kuzima. Kuna kingamwili za kutengenezwa zenye uwezo wa kushika aina nyingi za kirusi. Utafiti wa RIO, Uingereza na Denmark, walichoma mbili wakaachisha vidonge, wiki ya 20 robo tatu ya waliochomwa virusi vilikuwa bado chini, waliochomwa maji tu ni kama mmoja kati ya kumi. Na Durban, timu ya Thumbi Ndung'u ambaye ni mzaliwa wa Kenya, wanawake 20 walioanza dawa mapema kabisa wakapewa kingamwili pamoja na dawa ya kuchangamsha kinga, sehemu ya tano yao waliendelea bila vidonge hata baada ya utafiti kuisha.

Jeni zinaingia wapi? Kingamwili ina mkia, na ule mkia unadakwa na kipokezi kilichopo kwenye NK. Kipokezi hicho kina matoleo mawili kutegemea herufi moja tu ya jeni, moja linadaka kwa nguvu jingine kwa ulegevu. Kwa hiyo watu wawili wakichomwa sindano ileile, kiasi kilekile, mmoja NK zake zinaweza kufanya kazi vizuri zaidi kuliko mwenzake. Na hao wote walikuwa wanapimwa damu mara kwa mara, virusi vikipanda tu wanarudishwa kwenye dawa. Sio mtu kakaa Sakina na bando lake anajisikilizia.

Dada_Lemara:
Kwa hiyo kuna kipimo hapa mtu anaenda analipia anaambiwa wewe ni wa kuacha au sio wa kuacha?

Mangi wa Pasua:
Hakuna, sio hapa wala Ulaya. HLA na KIR zinapimika kabisa kwenye maabara zenye vifaa, ila hakuna majibu yanayoweza kumwambia mtu mmoja mmoja acha. Hizi jeni zinaonekana ukipanga watu wengi pamoja, kwa mtu mmoja zinasukuma kidogo tu. Akikuuzia mtu hicho kipimo ujue kakuibia.

Na walioachishwa kwa kufuata CD4 tulishaona yaliyowakuta. Utafiti wa SMART, watu 5,472 nchi 33, kundi moja wanaendelea na dawa kundi jingine wanaacha CD4 ikiwa juu wanarudi ikishuka. Januari 2006 ukasimamishwa, walioacha walikuwa wanakufa na kuugua zaidi, na sio UKIMWI tu, moyo, figo na ini pia.

Kingine watu hawakijui, TLD ndani yake kuna tenofovia na lamivudini, zote zinabana homa ya ini B. Kama unayo hiyo na hujui, ukiacha TLD ini linaweza kuwaka ghafla, hata ungekuwa na KIR za dhahabu.

MamaNeema_Usa:
Hili la ini hatujawahi kuambiwa kliniki kwetu, asante sana kaka. Nitawaambia wenzangu wa kikundi.

mgeni_wa_kimya:
Habari zenu. Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Mimi niliacha baada ya zile taarifa za mwanzoni mwa 2025 za Wamarekani kusitisha misaada, yule dada wa kijamii aliyekuwa ananiletea dawa akasimamishwa kazi, nikaona aibu kwenda mwenyewe maana kliniki iko karibu na ninapofanyia biashara, siku zikaenda. Najisikia vizuri tu. Ile voisi ilinipa moyo kwamba labda na mimi ni hao wachache. Nina mume, hajui. Nikirudi si watanifokea?

Mangi wa Pasua:
Dada karibu, na umefanya vizuri kuuliza. Nenda. Sio lazima kliniki ileile, unaweza kuomba kituo kingine mbali na biashara yako, Mawenzi, Mount Meru, kituo cha afya chochote chenye CTC (kliniki ya dawa za VVU), waambie ukweli kwamba uliacha na kwa muda gani. Kama bado una kadi yako nenda nayo, huna nenda hivyohivyo. Watapima CD4, ikiwa chini ya 200 watapima na fangasi ya ubongo, watakuuliza kuhusu kikohozi na kutokwa jasho usiku kwa ajili ya TB, na kwa kawaida unarudishwa kwenye TLD. Waambie na kuhusu homa ya ini B wakupime.

Kuhusu mume, muda huu ambao hutumii dawa ile habari ya "havionekani basi siambukizi" haifanyi kazi kwako, tumieni kondomu hata kwa kisingizio cha uzazi wa mpango mpaka upime tena. Namna ya kumwambia kuna washauri palepale, hilo wanalijua kuliko mimi.

MamaNeema_Usa:
Mdogo wangu kufoka wanaweza kufoka dakika tano, muuguzi naye ana mambo yake. Mi nilishafokewa nikanyamaza nikapewa dawa nikaondoka. Kama uko upande wa Usa au Tengeru niandikie inboksi nikusindikize, nitajifanya nimekuja kuchukua zangu.

mgeni_wa_kimya:
Niko Tengeru dada. Nimekuandikia. Jumamosi wanafungua?

MamaNeema_Usa:
Kwetu jumamosi hapana. Tukutane jumatatu saa moja na nusu, ukichelewa unakuta benchi limejaa.